Gramu 15 Si Kijiko Kimoja: Somo la Vijiko Lililotugharimu Skonzi 300

Niliahidi kuandika juu ya kuanika mpunga kabla ya kuupeleka mashineni. Somo hilo lipo na litakuja. Leo naomba tuache shamba kidogo tuingie jikoni, kwa sababu kuna jambo nimekaa nalo moyoni tangu msimu uliopita, na kila nikipita Kisawasawa mbele ya oveni ya kikundi kimoja cha akina mama nalikumbuka.

Jambo lenyewe ni vijiko. Jinsi ya kugeuza gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya mapishi ziwe vijiko ambavyo kila nyumba inavyo. Najua kuna mtu atasema, bwana shamba na vijiko wapi na wapi? Hata mimi nililichukulia hivyo hivyo, jambo dogo la dakika mbili. Nikawatia watu hasara.

ILIVYOKUWA

Kikundi ni cha akina mama tisa. Karibu wote wanalima mpunga, na asubuhi wanauza vitumbua na maandazi kando ya barabara ya Ifakara. Walikopa kwenye kikoba chao, wakajenga oveni ya matofali, wakaamua kuoka skonzi. Hesabu yao ilikuwa nzuri: maandazi yanakunywa mafuta na mafuta yamepanda bei, lakini oveni inakula mkaa kidogo na kuni za kuwashia tu.

Mwenyekiti wao, mama wa makamo ambaye nyumbani kwake nimekunywa chai mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, alipata karatasi ya mapishi kutoka kwenye mafunzo. Karatasi ilikuwa safi kabisa, imechapwa. Tatizo ni kwamba kila kitu kilikuwa kwa gramu.

Unga wa ngano kilo 10.
Sukari kilo 1.
Majarini gramu 500.
Chumvi gramu 150.
Hamira gramu 100.
Maji lita 5, kisha kuongeza kidogo kidogo.

Unga, sukari na majarini havikuwa na shida, vinauzwa kwa kilo na nusu kilo. Lakini hamira na chumvi? Mzani wa dukani unapima vizuri kuanzia robo kilo kwenda juu. Ukiuwekea gramu 100 mshale unatikisika tu kidogo, huwezi kusema ni 80 au ni 130.

Nilipita pale jioni nikitoka kukagua majaruba. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja wakati mzuri. Hebu nitolee hii hesabu. Gramu mia moja za hamira ni vijiko vingapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Kazi yangu ni ya vipimo. Kijiko cha chai ni 5, kijiko kikubwa ni 15, hilo nimelijua tangu chuoni. Nikagawa 100 kwa 15, nikapata 7 kasoro. Nikagawa 150 kwa 15, nikapata 10. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya karatasi: hamira vijiko 7, chumvi vijiko 10. Nikapanda pikipiki nikaondoka, nimefurahi kwamba nimesaidia.

HASARA

Siku ya Ijumaa walikuwa na oda ya skonzi 300 za sherehe, kila moja Sh 200. Ni Sh 60,000 kwa siku moja, na ndiyo ilikuwa oda yao kubwa ya kwanza. Mtaji wote wa vifaa na mkaa ulikuwa takribani Sh 35,000, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya mkopo.

Walikanda usiku. Unga ukakaa, ukakaa, ukavimba kidogo tu. Wakasema labda ni baridi ya mvua. Wakasubiri tena. Alfajiri wakaoka hivyo hivyo kwa sababu mteja alikuwa anakuja saa mbili asubuhi. Skonzi zikatoka ndogo, ngumu, nzito kama matofali ya oveni yenyewe. Na chumvi! Mtoto wa mmoja wao alipewa moja akaitema.

Mteja alikuja, akaonja, akarudishiwa pesa yake ya utangulizi, akaenda Ifakara kununua mikate. Sikumlaumu, wala wao hawakumlaumu. Mtu mwenye wageni hana muda wa kukusubiri ujifunze.

Nilipata habari siku ya Jumatatu. Nilipofika, mwenyekiti hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alinipa kiti, akaniletea chai, pembeni akaweka skonzi mbili zilizobaki. Akasema, "Kula, bwana shamba. Ni hesabu yako hiyo."

Nikala moja yote. Sitaki kusimulia ladha yake.

Mama mmoja alikuwa ameshatoka kwenye kikundi. Alisema hawezi kulipa deni la kitu ambacho hata kuku wamekikataa. Waliobaki nane wakagawana lile deni, wakalilipa kwa muda wa miezi miwili kwa faida ya vitumbua.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Makosa yalikuwa matatu, na yote matatu yalikuwa yangu kuyaona.

Kosa la kwanza: nilichanganya mililita na gramu. Kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko kikubwa ni mililita 15. Mililita ni ujazo, yaani nafasi iliyomo ndani ya kijiko. Gramu ni uzito. Kwa maji, mililita 1 ina uzito wa gramu 1, kwa hiyo kijiko kikubwa cha maji ni gramu 15 kweli. Lakini hamira si maji, na chumvi si maji.

Jambo hili kila mtu wa bonde la Kilombero analijua, ila hajui kwamba analijua. Chukua debe lako la lita 20. Lijaze mpunga, utapata kama kilo 12. Lijaze mchele, utapata kilo 16 na zaidi. Lijaze pumba, hata mtoto atalibeba. Debe ni lile lile. Hakuna mfanyabiashara wa Kiberege au Mang'ula atakayekubali umuuzie debe la mpunga kwa bei ya debe la mchele. Basi kijiko ni debe dogo. Kilichomo ndicho kinachoamua uzito.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ninalifundisha hili shambani. Nimesimama mara nyingi mbele ya wakulima wa mahindi nikiwa na kizibo cha soda mkononi, nikisema kizibo kimoja cha mbolea ya kupandia kwa kila shimo, kama gramu 5. Na kila mara naongeza kwamba urea ni nyepesi kuliko DAP, kwa hiyo kizibo cha urea hakina uzito sawa na kizibo cha DAP. Shambani nilijua. Jikoni nikasahau.

Kosa la pili: sikusema kijiko kijaeje. Akina mama walipima hamira kwa kijiko walichokisawazisha kwa kidole, kwa sababu hamira ni ghali na kila punje ni pesa. Chumvi ni rahisi, kwa hiyo walichota kijiko kikapanda juu kama kichuguu. Hicho ni kijiko cha lumbesa! Tunapiga kelele kila mwaka kuhusu magunia ya lumbesa kwa sababu mkulima anaibiwa kile kilichoko juu ya mdomo wa gunia. Kijiko nacho kina mdomo. Kilichoko juu ya mdomo hakimo kwenye hesabu.

Kosa la tatu: niliandika "kijiko" tu. Sikuandika ni kijiko gani. Kwa bahati wao walielewa kuwa ni kijiko kikubwa cha kulia wali. Wangeweza kutumia cha chai, au upawa.

SIKU TULIYOPIMA

Nilinunua mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri unaosoma gramu moja moja. Nikanunua na bomba la sindano jipya la mililita 5 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano. Jumapili mchana tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, kila mama amekuja na kijiko chake.

Tulianza na vijiko vyenyewe. Unavuta maji kwenye bomba hadi mililita 5, unamimina kwenye kijiko, unaongeza mpaka kijiko kijae bila kumwagika, unahesabu umetumia kiasi gani. Vijiko vikubwa vya nyumba tatu vilitupa majibu matatu: mililita 10, mililita 12 na mililita 15. Vyote vinaitwa kijiko kikubwa. Cha mwenyekiti, ambacho ndicho kilichopima zile skonzi, kilikuwa cha 15.

Kisha tukapima chumvi. Kijiko chake kikubwa kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu: gramu 18. Kijiko hicho hicho cha lumbesa: gramu 29. Mara kumi ni gramu 290. Karatasi ilitaka 150.

Tukapima hamira. Kijiko kilichosawazishwa: gramu 9. Mara saba ni gramu 63. Karatasi ilitaka 100.

Pale mkekani palikuwa kimya. Chumvi karibu mara mbili, hamira pungufu zaidi ya theluthi. Na chumvi ikizidi huwa inaizuia hamira isifanye kazi vizuri, kwa hiyo makosa mawili yalisaidiana. Haikuwa mvua wala baridi. Haikuwa mkono wa mtu, ingawa kuna waliokwisha kuanza kunong'ona.

JEDWALI LA VIJIKO

Haya ndiyo makadirio ya kubandika ukutani. Yanahusu kijiko cha chai cha mililita 5 na kijiko kikubwa cha mililita 15, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Ukipima kwako ukapata tofauti ya gramu moja usishtuke.

Maji: cha chai gramu 5, kikubwa gramu 15.
Mafuta ya kula: cha chai gramu 4 na nusu, kikubwa gramu 14.
Majarini: cha chai gramu 4 na nusu, kikubwa gramu 14.
Asali: cha chai gramu 7, kikubwa gramu 21.
Chumvi laini: cha chai gramu 6, kikubwa gramu 18.
Sukari: cha chai gramu 4, kikubwa gramu 12.
Hamira ya chenga: cha chai gramu 3, kikubwa gramu 9.
Baking poda: cha chai gramu 4 na nusu, kikubwa gramu 14 kasoro kidogo.
Unga wa ngano: cha chai gramu 2 na nusu, kikubwa gramu 8.
Hiliki ya unga: cha chai gramu 2.

Angalia tofauti hiyo. Kijiko kikubwa cha asali kina uzito zaidi ya mara mbili ya kijiko kikubwa cha unga. Mtu anayesema "kijiko kikubwa ni gramu 15" amesema kweli kuhusu maji tu.

Kwa chumvi ya mawe usitumie jedwali. Mawe yake yana nafasi kati yake, na kila mfuko una ukubwa wake wa mawe. Isage kwanza au ipime mwenyewe kwa njia nitakayoeleza hapa chini.

HESABU YENYEWE

Chukua gramu za kwenye karatasi, gawanya kwa gramu za kijiko kimoja. Kinachobaki kimalizie kwa kijiko cha chai. Kumbuka vijiko vya chai 3 ni kijiko kikubwa 1.

Chumvi gramu 150. Gawanya kwa 18. Inaingia mara 8, ambazo ni gramu 144. Zimebaki gramu 6, ambazo ni kijiko kimoja cha chai. Jibu: vijiko vikubwa 8 na cha chai 1.

Hamira gramu 100. Gawanya kwa 9. Inaingia mara 11, ambazo ni gramu 99. Gramu moja iliyobaki achana nayo.

Kwa anayeanza na unga kilo 1 nyumbani, mapishi yale yale yanakuwa hivi:

Sukari gramu 100: vijiko vikubwa 8 na cha chai 1.
Majarini gramu 50: vijiko vikubwa 3 na nusu.
Chumvi gramu 15: vijiko vya chai 2 na nusu.
Hamira gramu 10: vijiko vya chai 3 na tone kidogo juu.
Maji nusu lita, kisha ongeza kwa kijiko mpaka unga uache kushika vidole.

Anza na kilo 1. Ikikubali, nenda 2, kisha 5. Sisi tulianza na 10 siku ya oda. Kwa mbegu mpya huwa nawaambia jaribu kwanza jaruba moja. Kwa mapishi mapya ni vivyo hivyo.

KUPIMA KIJIKO CHAKO BILA MZANI

Huna haja ya kununua mzani kama mimi. Dukani kuna vitu vilivyokwisha kupimwa na uzito umeandikwa juu yake. Vitumie.

Njia ya kwanza ni pakiti. Chukua pakiti mpya ya chumvi ya gramu 500. Imimine kwenye bakuli kavu. Chota kijiko kimoja kimoja, sawazisha kwa kisu, hamishia bakuli la pili huku mwenzako akiweka punje ya mahindi kwa kila kijiko. Mwisho hesabu punje. Ukipata 28, gawanya 500 kwa 28, jibu ni karibu gramu 18 kwa kijiko. Ukipata 42, kijiko chako ni kidogo, ni gramu 12. Chumvi haipotei, unairudisha kwenye mkebe.

Hamira ndogo ya pakiti vilevile. Soma uzito wake. Kama imeandikwa gramu 11, itatoa vijiko vya chai 3 na zaidi ya nusu. Ikitoa 5, kijiko chako cha chai ni kidogo, na sasa umejua.

Njia ya pili ni bomba la sindano nililoeleza juu. Linakupa ukubwa wa kijiko, kisha unatumia jedwali. Kijiko kikubwa cha mililita 10 ni theluthi mbili ya kile cha 15, kwa hiyo chumvi yake ni gramu 12 badala ya 18.

Ukishakijua kijiko chako, kitie alama. Funga uzi mwekundu kwenye mpini, au kikwaruze kwa msumari. Kiwe cha kupimia tu. Mtoto asikiazime kulia ubwabwa kisha ukaletewa kingine kinachofanana.

Na kila unapopima, sawazisha. Mgongo wa kisu, mara moja, bila kushindilia. Unga usishindiliwe kabisa, ukiushindilia unaingia mwingi zaidi. Mwenyekiti alinitania siku ile, "Kumbe tunaishi Kisawasawa na vijiko vyetu havijai kisawasawa." Tangu siku hiyo ndiyo kanuni yao. Mmoja akichota lumbesa, wenzake wanaimba jina la kijiji.

KIJIKO KISIPOFAA

Kijiko ni chombo kizuri, lakini kina mipaka yake.

Usipime unga kwa vijiko. Kilo moja ya unga ni vijiko vikubwa zaidi ya 120. Utasahau hesabu ukipigiwa simu. Tumia kikombe. Kata chupa ya maji ya nusu lita mahali maji ya robo lita yanapofika, sawazisha mdomo wake, umepata kikombe cha mililita 250. Kikombe hicho cha unga wa ngano usioshindiliwa ni kama gramu 130, na cha sukari ni kama gramu 200. Kwa hiyo kilo ya sukari ni vikombe 5, na kilo ya unga ni vikombe 8 kasoro kidogo.

Kosa dogo la kijiko huzaliana. Ukikosea gramu 1 kwenye kijiko kimoja, kwa vijiko 11 umekosea gramu 11. Anayeoka kila siku apime vizuri mara moja tu. Akina mama wale walihesabu vijiko 11 vya hamira wakaviweka kwenye kopo dogo linaloonyesha ndani, wakaligongagonga chini mara tatu, wakachora mstari kwa kalamu ya wino mzito mahali hamira ilipofikia. Kopo la pili wakafanya hivyo kwa chumvi. Sasa hawahesabu tena, wanajaza hadi mstari. Nisingeweza kuwafundisha hilo, walilibuni wenyewe.

Usiuze kwa kijiko. Hili ni kwa ndugu zangu wenye maduka wanaofungua pakiti kubwa ya hamira au baking poda na kuiuza kidogo kidogo. Kwenye biashara, bidhaa ya uzito inapimwa kwa mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kijiko ni cha mpishi, si cha muuzaji. Tena hamira iliyofunguliwa huharibika upesi kwa joto na unyevu wa bonde letu. Ifungie kwenye mkebe mkavu, na usimpe mteja hamira iliyolala miezi. Atapima sawasawa, unga hautavimba, na atalaumu kijiko.

Kijiko cha jikoni kisiguse dawa ya shamba. Hapa sitanii. Nimeingia nyumba ambako kijiko kilichopima dawa ya unga kimeoshwa na kurudishwa kabatini. Usifanye hivyo hata kama umekiosha mara kumi. Dawa iwe na kipimo chake, kikae stoo pamoja na bomba, mbali na watoto. Na kosa la gramu na mililita lipo hapo pia. Kama lebo imeandikwa gramu 50 kwa lita 20, usipime mililita 50 ukadhani ni sawa. Dawa ya unga na dawa ya maji hazilingani, na hata dawa mbili za unga hazilingani. Tumia kipimo kilichokuja na dawa hiyo, au uniletee tuipime.

KIJIKO CHA CHUMVI NA MTOTO

Kuna sehemu moja ambapo kijiko cha lumbesa kinaweza kudhuru kuliko skonzi. Mtoto akiharisha, jambo la kwanza ni dawa ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa, na wataalamu wa afya watamwongezea vidonge vya zinki. Kama uko mbali na ORS hakuna, maji ya nyumbani yanatengenezwa kwa lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kisha unampeleka zahanati.

Sasa fanya hesabu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa ni gramu 3. Ukichukua kijiko kikubwa cha lumbesa kama cha mama mwenyekiti, umeweka gramu 29, karibu mara kumi. Maji ya chumvi nyingi namna hiyo yanaweza kumzidishia mtoto ugonjwa badala ya kumsaidia. Kwa hiyo kijiko kiwe cha chai, kisawazishwe, na hiyo nusu iwe nusu kweli. Sisi wakubwa nasi tukumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Hiyo haifiki hata kijiko kimoja cha chai.

WAZEE WALIJUA

Bibi zetu hawakuwa na gramu, lakini walikuwa na vipimo. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na kibaba kilikuwa na ukubwa unaojulikana. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini tunasahau kwamba kibaba kina mdomo, na kikijaa kimejaa. Mpishi mzoefu anapima kwa kiganja na hakosei, kwa sababu kiganja ni chake na amekitumia miaka thelathini. Shida inakuja pale kipimo kinapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kutoka kwenye karatasi kwenda jikoni. Pale katikati nilisimama mimi, na sikuwa makini.

Nimejifunza jambo la kikazi pia. Mtu akiniuliza swali ambalo jibu lake liko mdomoni tayari, najizuia. Namuuliza kwanza: una kijiko gani? Kilete nikione.

Kikundi kilioka tena, kilo 1 ya majaribio kwanza, kisha 3. Niliitwa nikaonje. Skonzi zilikuwa laini, zimepanda vizuri, chumvi iko mahali pake. Yule mteja wa sherehe hajarudi, na sidhani kama atarudi. Mama aliyetoka kwenye kikundi naye hajarudi, ila nasikia huwanunulia wanawe skonzi za Sh 200 asubuhi, na mwenyekiti humchagulia zilizo kubwa.

Nyuma ya ile karatasi, mwandiko wangu bado upo: hamira vijiko 7, chumvi vijiko 10. Wameupiga mstari mwekundu na chini yake wameandika hesabu sahihi. Niliwaomba wanipe karatasi ile niichane. Mwenyekiti alikataa. "Iache hapo ukutani baba, ili na wewe ukipita uione."

Basi leo jioni, kabla hujapika, chukua kijiko chako na pakiti ya chumvi, hesabu. Ni kazi ya robo saa. Tukutane wiki ijayo kwenye kuanika mpunga.